Kuhani, Panya na Maswali Kumi: historia fupi ya kupima msongo wa mwenye soriasisi

Katika Mambo ya Walawi sura ya 13, daktari wa ngozi ni kuhani. Mtu mwenye kipaku analetwa kwake. Kuhani anatazama rangi, anatazama kama nywele za mahali pale zimegeuka nyeupe, anatazama kama pigo limeingia ndani kuliko ngozi. Akiwa na shaka anamtenga mtu siku saba, kisha anatazama tena, na shaka ikibaki anaongeza siku saba nyingine. Ukiisoma sura hiyo polepole, bila haraka ya mahubiri, utaona ni mwongozo wa kitabibu kabisa: kuna dalili, kuna muda wa uangalizi, kuna marudio. Kitu kimoja tu hakimo. Hakuna mahali kuhani anapomuuliza yule mtu zile siku saba alizipitishaje.

Swali hilo lilichelewa sana kuulizwa. Lilipoulizwa hatimaye, liliulizwa kwa namba, Marekani na Ulaya, na kwa maneno ya watu wa huko. Leo lipo. Mtu anayetibiwa soriasisi anaweza kupewa karatasi, akaweka alama, na alama zikijumlishwa zinasema ana msongo kiasi gani. Mimi naishi Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, na nimekuwa nikijiuliza karatasi hiyo ikifika huku inapima nini hasa. Ili kujibu ilinibidi nirudi nyuma, maana kila kipimo kina mtu aliyekitengeneza na watu aliowafikiria wakati anakitengeneza.

Ugonjwa uliokosa jina

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Soriasisi ni hali ambayo kinga ya mwili inaiharakisha ngozi kupita kiasi. Ngozi ya kawaida huchukua karibu mwezi mmoja kujitengeneza upya. Penye soriasisi kazi hiyo hufanyika kwa siku chache, kwa hiyo ngozi inarundikana, inakuwa nene, inabanduka magamba meupe yanayong'aa kama fedha. Hupenda viwiko, magoti, kichwa na mgongo chini. Kwa ngozi nyeusi kama zetu wekundu unaoandikwa vitabuni hauonekani sana; panakuwa na rangi ya zambarau au kijivu kizito. Haiambukizi. Haina tiba ya kuimaliza moja kwa moja, ila inatulizwa, tena vizuri.

Sasa, muulize mtu wa mtaani kwa Kiswahili ugonjwa huo unaitwaje. Atakwambia mba, au ukurutu, au fangasi, au "yale magamba". Akishusha sauti atasema ukoma. Akishusha zaidi atasema katupiwa kitu. Na tangu miaka ya 1980 kuna jibu jingine ambalo halihitaji hata kutamkwa: watu wanamwangalia mtu ngozi, halafu wanaangaliana.

Mkanganyiko huu haukuanzia Katavi. Neno la Kiebrania ambalo Biblia yetu inalitaja kama ukoma lilikusanya mambo mengi: magonjwa ya ngozi ya kila namna, na hata madoa kwenye nguo na kuta za nyumba. Mwaka 1808 Robert Willan, tabibu wa London, aliyaeleza magonjwa ya ngozi kwa umakini mkubwa, lakini hata yeye aliacha neno la ukoma likining'inia kwenye soriasisi. Ilikuwa mpaka 1841, Vienna, ndipo Ferdinand Hebra alipoyatenganisha magonjwa haya mawili rasmi. Fikiria maana yake. Kwa karne nyingi kabla ya hapo, kuna watu waliotengwa na jamii zao kama wakoma, ilhali walikuwa na ugonjwa usioambukiza hata mtu mmoja.

Hebra alimaliza mkanganyiko kwenye vitabu vya madaktari, lakini vijijini bado upo. Na huo, kwa maoni yangu, ndio msongo wa kwanza wa mwenye soriasisi, hata kabla hajaanza kujikuna: anao ugonjwa ambao jirani yake anauita kwa jina la ugonjwa mwingine.

Neno lililotoka kwenye vyuma

Na huu msongo nao umetoka wapi? Kwa Kiswahili tunalijua kitenzi chake. Tunasonga ugali. Watu wakijazana stendi tunasema kuna msongamano. Mtu akibanwa na mambo anasongwa. Kwa hiyo "msongo wa mawazo" ni tafsiri nzuri kuliko tafsiri nyingi za kitaalamu: ndani yake kuna mwiko, kuna sufuria, kuna kitu kinachozidi kukaza kadiri unavyokigeuza. Ila siyo neno ambalo bibi yangu angelitumia. Yeye angesema "ana mawazo", basi, na kila mtu angeelewa kwamba mawazo hayo si ya kawaida.

Kiingereza nacho kilikopa. Neno lao lilikuwa la mafundi na wanafizikia: mkandamizo ambao chuma kinabeba kabla hakijapinda. Mtu aliyelihamishia mwilini ni Hans Selye. Mwaka 1936, akiwa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature kuhusu panya. Aliwaweka panya kwenye baridi, aliwajeruhi, aliwachosha, aliwapa dawa mbalimbali, na akaona kwamba adha ilikuwa tofauti lakini mwili ulijibu kwa namna ileile: tezi zilizo juu ya figo zinavimba, tumbo linapata vidonda. Baadaye aliliita jambo hilo kwa lile neno la mafundi, na mwaka 1956 akaandika kitabu kilicholifanya neno hilo lijulikane duniani.

Mwaka huohuo, 1956, upande huu wa dunia, huko Karema kando ya Ziwa Tanganyika, alifariki Adrien Atiman. Wasomaji wa Katavi na Rukwa wanalijua jina hilo. Wengine nawaomba wavumilie kidogo. Atiman alizaliwa karibu na Mto Niger, akakamatwa utumwani akiwa mtoto, akavushwa jangwa, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Aljeria. Kardinali Lavigerie alikuwa ameanzisha Malta mpango wa kuwasomesha tiba vijana Waafrika, na Atiman alisomea huko. Akafika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu, akakaa mpaka kufa kwake, zaidi ya miaka 60. Karema ya wakati huo ilikuwa imejaa watu waliokombolewa kutoka misafara ya watumwa. Tabibu wao alikuwa mtumwa wa zamani.

Namtaja Atiman kwa sababu moja. Wakati Selye anahesabu uzito wa tezi za panya, katika eneo letu kulikuwa na mtu aliyeishi na wagonjwa wake kwa miongo sita, aliyejua kutoka kwenye mwili wake mwenyewe maana ya kuchukuliwa kwenu. Hakuwa na jedwali la alama. Majedwali hayo yalikuwa bado hayajabuniwa. Alikuwa na muda. Tukifika mwisho tutauhitaji muda huo.

Mkopo wa nyumba, alama 31

Panya hawaulizwi maswali. Watu wanaulizwa, na mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha na kila tukio likapewa alama. Kufiwa na mwenzi wa ndoa: 100. Talaka: 73. Kufunga ndoa: 50. Unajumlisha yaliyokupata mwaka huu, na jumla inasema uko katika hatari kiasi gani ya kuugua.

Orodha hiyo ukiisoma Kapalamsenga utacheka, halafu utaacha kucheka. Mkopo wa nyumba unaozidi dola 10,000 una alama 31. Kwenda likizo, 13. Krismasi, 12. Hakuna alama za tembo kuingia shambani. Hakuna za mvua kukatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Hakuna za kuhama nchi yako usiku, ingawa mkoa huu wetu una Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya 1972. Mzee aliyelala porini na watoto wanne mgongoni na mkononi angeweza kupata alama chache kuliko karani wa Seattle aliyeoa na kununua nyumba.

Siwalaumu Holmes na Rahe. Waliandika orodha ya watu waliokuwa nao. Tatizo la orodha yoyote ya matukio ni kwamba inapima kilichokupata, haipimi kilivyokukaa. Hilo ndilo aliloliona Sheldon Cohen. Mwaka 1983 yeye na wenzake walichapisha dodoso lenye maswali 14, na baadaye likapunguzwa likawa la maswali 10, ambalo halitaji tukio lolote. Linauliza kuhusu mwezi uliopita tu: ni mara ngapi umeona mambo muhimu ya maisha yako yamekutoka mkononi, ni mara ngapi umejiamini kwamba utayamudu matatizo yako, ni mara ngapi shida zimekurundikia mpaka ukaona huwezi kuzivuka. Kila swali lina jibu kuanzia 0 mpaka 4. Jumla ya juu ni 40.

Hapa kuhani wa Walawi hatimaye ameuliza. Swali halihusu tena ngozi inaonekanaje; linahusu mtu mwenyewe anayaonaje maisha yake. Ndiyo maana dodoso la Cohen limetumika kila mahali, na ndilo moja ya yale ambayo watafiti huwapa watu wanaotibiwa soriasisi.

Ngozi yenyewe ikapata namba

Madaktari wa ngozi nao walikuwa wanatengeneza vipimo vyao. Mwaka 1978 Fredriksson na Pettersson, wakijaribu dawa mpya, walibuni njia ya kuipa soriasisi alama kutoka 0 hadi 72: wekundu kiasi gani, unene kiasi gani, magamba kiasi gani, eneo kiasi gani la mwili. Kipimo hicho, PASI, kinatumika mpaka leo. Umeshaona kasoro yake kwetu: wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha, na mgonjwa anaweza kupewa alama ndogo kuliko hali yake.

Mwaka 1994, Cardiff, Andrew Finlay na Gul Karim Khan walitoa maswali 10 kuhusu ugonjwa wa ngozi unavyoingilia maisha ya wiki moja: kuwasha, aibu, nguo, michezo, kazi, mapenzi, kwenda dukani, kutunza nyumba au bustani. Mwaka uliofuata Madhulika Gupta na Aditya Gupta walitoa maswali 15 ya soriasisi peke yake: watu kukukazia macho, watu kuepuka kukugusa, kuchukuliwa kama unaambukiza, gharama za tiba. Naliona dodoso hilo kama la kwanza lililosema wazi kwamba msongo wa mtu huyu unatoka kwenye macho ya wengine.

Usidhani namba hizi ni za kupamba ripoti. Mwaka 2005 Finlay alipendekeza kanuni rahisi: ugonjwa ukizidi asilimia 10 ya mwili, au PASI ikizidi 10, au lile dodoso la Cardiff likizidi 10, hiyo ni soriasisi kali. Na "kali" ndilo neno linalofungua kabati la dawa kubwa. Kwa hiyo katika nchi zinazofuata kanuni kama hiyo, jinsi mtu anavyojibu swali la aibu inaweza kuamua atapakwa mafuta au atachomwa sindano ya gharama kubwa.

Je, kupima msongo kunasaidia tiba yenyewe? Kuna tafiti mbili napenda kuzitaja pamoja. Mwaka 1998 Jon Kabat-Zinn na wenzake, Massachusetts, walichukua wagonjwa 37 waliokuwa wanatibiwa kwa mwanga, yaani wanasimama kwenye kibanda chenye taa za mionzi. Baadhi walisikilizishwa kanda za kutuliza akili wakiwa humo ndani. Hao ngozi zao zilisafika haraka zaidi. Mwaka 2003 Dónal Fortune, Helen Richards na wenzao wa Manchester waliwafuatilia wagonjwa 112 waliotibiwa kwa dawa na mwanga. Wale wenye wasiwasi mkubwa wa kudumu walipona mara 1.8 polepole kuliko wenzao. Dawa ileile, taa zilezile.

Wapenda fasihi hawakuhitaji utafiti kulijua hili. Vladimir Nabokov alishikwa vibaya na soriasisi Paris mwaka 1937, wakati ndoa yake ikitikiswa na mapenzi ya nje, na katika barua kwa mkewe Véra alikiri kwamba kabla hajaanza kutibiwa kwa mionzi, mateso yale yalimfikisha ukingoni mwa kujiua. John Updike aliandika sura nzima kuhusu ngozi yake katika kumbukumbu zake za 1989, na alichagua mji wa kuishi kwa sababu ulikuwa na ufukwe wa kuota jua. Angalia Nabokov alivyosema: siyo wakati wa mateso, bali baada ya nafuu kuanza. Ukimpa dodoso Februari, angejibu nini? Naogopa angejibu "nzuri".

Walituhesabu kabla ya kutuuliza

Kwetu Afrika Mashariki historia hii ina sura nyingine, na si ya kufurahisha. J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyeongoza Hospitali ya Mathari Nairobi, aliandika mwaka 1953 kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani, akidai pamoja na mengine kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Alitazama waliofikishwa hospitalini mwake akaona wachache, akahitimisha. Hakujiuliza ni nani anayempeleka Mathari mama aliyekaa kimya jikoni, asiyelala, asiyekula, lakini hampigi mtu.

Miaka 26 baadaye, 1979, John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya kwenda vijijini Uganda wakiwa na maswali yaliyotafsiriwa, wakiwauliza watu majumbani mwao. Walikuta sonona si haba; ilikuwa zaidi hata ya ile ya eneo la London walilolinganisha nalo. Watu walikuwepo siku zote. Hawakuwa wameulizwa.

Halafu likaja swali gumu zaidi: waulizwe kwa maneno gani? Zimbabwe, mwaka 1997, Vikram Patel na wenzake walitoa dodoso lililojengwa kutokana na maneno ya Kishona, likiwemo neno lao la kuwaza kupita kiasi. Hapa nyumbani, Sylvia Kaaya na wenzake walikagua mwaka 2002 jinsi dodoso la Kimarekani linavyofanya kazi kwa wajawazito wenye VVU Dar es Salaam, na mwaka 2008 wakachapisha dodoso la maswali 19 la sonona lililotokana na lugha ya watu wa hapa. Hatua hiyo naiheshimu sana, kwa sababu inageuza utaratibu: kwanza unasikiliza watu wanavyoeleza, ndipo unaandika swali.

"Nitake mimi nani?"

Mama yangu mdogo ana soriasisi, mwaka wa tisa huu. Ameniruhusu nisimulie, bila jina. Anauza chai na mandazi hapa Kapalamsenga, na anatumia dawa anayoifuata Mpanda mjini. Jioni moja, baada ya shikamoo na habari za watoto, nilimwambia nina maswali kumi ya Wamarekani, je, tuyajaribu? Akasema, "Haya mwanangu, niulize, ila usiniandikie dawa."

Swali la mambo kwenda vile unavyotaka lilimshangaza. "Nitake mimi nani? Anayepanga ni Mungu." Kwenye karatasi jibu hilo lingesomeka kama mtu aliyepoteza usukani wa maisha yake, alama nne kamili upande wa msongo. Lakini mama mdogo alilisema akiwa ametulia kabisa. Kwake kudai kwamba mambo yanakwenda atakavyo ni majivuno, karibu na kufuru. Na swali la ni mara ngapi katika mwezi uliopita lilitukwamisha wote wawili, kwa sababu kati ya "mara chache", "mara mojamoja" na "mara kwa mara" hakukubali kuna mipaka. "Inategemea gulio," alisema.

Kisha nikamjaribu kwa lile la Cardiff, kama ngozi imemzuia kwenda dukani. Akacheka kwa sauti. "Dukani si ndiyo mimi!" Hilo dodoso linamfikiria mgonjwa kama mnunuzi. Mama mdogo ni muuzaji. Shida yake siyo kwenda dukani. Shida ni kwamba mikono inayokanda unga ina magamba, na mteja anayashusha macho kutoka kwenye sinia mpaka kwenye mkono, kisha anakumbuka kwamba ameshakunywa chai kwao. Siku ngozi ikichachamaa anamwachia binti yake auze, na yeye anakaa nyuma, kwenye moshi. Kwenye maswali yote niliyomsomea hakuna linalouliza nani anauza mandazi leo.

Nikajumlisha alama. Alikuwa na msongo wa wastani. Tukanyamaza kidogo, nikakunja karatasi, na hapo ndipo alipoanza kusema. Kwamba kanisani wakati wa kupeana amani anajifanya anamtengeneza mjukuu nguo. Kwamba alipokuwa mgonjwa zaidi kuna shemeji aliyekiweka kikombe chake pembeni, na mpaka leo anakijua ni kipi.

Nadhani kila Mswahili analijua jambo hili bila kufundishwa. Habari za nyumbani? Nzuri. Hata kama kuna msiba ndani, jibu la kwanza ni nzuri, ni sijambo, ni tunamshukuru Mungu. Ndivyo heshima inavyotaka. Kisha, anayekuuliza akibaki hapo, linakuja neno dogo: ila. Nzuri, ila mtoto anaumwa. Salama, ila baba hatunaye tena. Ukweli wetu unakaa baada ya "ila", na "ila" haiji kwa mtu aliyeshika kalamu na kuangalia saa.

Kwa hiyo dodoso lililotafsiriwa kwa usahihi, neno kwa neno, linaweza kabisa kupima "nzuri" zetu peke yake.

Kupima bila kulaumu

Kuna hatari ya upande wa pili pia, na sitaki kuipita. Tukishasema msongo unachochea soriasisi, ni hatua moja tu kufikia kusema "ni mawazo yako tu". Mgonjwa aliyeambiwa na majirani kwamba karogwa, sasa anaambiwa na mtaalamu kwamba anajiroga mwenyewe. Si kweli. Soriasisi ina mizizi ya kurithi na kinga ya mwili; inaweza kuamshwa na mafindofindo, na mchubuko wa jembe. Hata dawa: klorokwini imetajwa kwa miaka mingi kuwa inaweza kuizidisha, na klorokwini ndiyo ilikuwa dawa yetu ya kwanza ya malaria mpaka 2001. Ni wangapi katika mikoa hii ya malaria walioona ngozi ikilipuka baada ya homa, wakaambiwa wapunguze mawazo? Msongo ni sababu moja kati ya nyingi, na mara nyingi wenyewe ni matokeo.

Mwaka 2014 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti yake, ambayo unyanyapaa unachukua nafasi kubwa. Tanzania tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda pale KCMC Moshi, kilichoanza 1992 kwa kusomesha wataalamu wa ngozi watakaorudi mikoani. Lakini Moshi kutoka huku ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mgonjwa wa Kapalamsenga anategemea aliyerudi, siyo jengo.

Huyo aliyerudi ndiye ningependa awe na karatasi ya msongo mezani. Ndiyo, karatasi ileile, nasisitiza, kwa sababu Carothers ametufundisha gharama ya kutouliza, na Manchester wametufundisha kwamba wasiwasi usioandikwa popote unaichelewesha dawa. Ila maswali yaanze na maneno ya hapa: kuwaza, kutolala, moyo kwenda mbio, nani anauza leo, nani anakunywa kikombe gani. Yaulizwe na mtu anayejua kukaa, kama alivyokaa yule tabibu wa Karema. Na namba ikishapatikana ifuatwe na kitu: dawa kubadilishwa, familia kuitwa na kuambiwa kwamba haiambukizi, mtu kurejeshewa kikombe chake.

Na kama hayo yote ni mengi kwa bajeti ya zahanati, basi iongezwe nafasi ya mistari miwili chini ya swali la kumi, iandikwe "ila", halafu muulizaji aweke kalamu chini asubiri.